Mgonjwa wa Akili Nyumbani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani aliishi na tatizo la afya ya akili. Hesabu wa ukoo wako kuanzia kwa babu. Hutafika mwisho kabla ya kumkuta mwenye tatizo hilo. Lakini wageni wa posa wakija anafungiwa chumba cha uani, sahani inasukumwa mlangoni, na akiulizwa tunasema yuko safarini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayefichwa hatibiwi, na lawama ya hilo ni ya familia.

USIFANYE

1. Usimfunge kamba wala mnyororo. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilieleza kuwa wagonjwa wa akili wanafungwa hivyo katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo. Kamba inachimba kidonda kifundoni, misuli inasinyaa, hofu inazidi, na ugonjwa unabaki palepale.

2. Usimalizie miezi kwa waganga. Kuuza mbuzi, kisha shamba, ili atajwe jirani aliyemloga ni kupoteza mali, ujirani na muda wa matibabu kwa mpigo. Ukitaka aombewe, aombewe. Lakini shehe au mchungaji anayesema "acha dawa" asisikilizwe.

3. Usikatishe dawa kwa sababu ametulia. Ametulia kwa sababu anazimeza. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na kuziacha ghafla kunaweza kumrudisha mgonjwa alikotoka. Anayepunguza dozi ni daktari.

4. Usimwoze ukidhani ndoa itamtuliza. Utakuwa umemdanganya mtoto wa watu na kumtwika mgonjwa mzigo mwingine.

5. Usimwite chizi wala mwehu, hata kwa utani. Watoto wanakusikia, na kesho watamrushia mawe.

6. Usigawe urithi bila yeye. Kuugua hakumwondoi katika orodha ya watoto wa marehemu.

FANYA

1. Zitazame dalili mapema. Kijana aliyekuwa mchangamfu anajitenga, halali, haogi, anajibu sauti ambazo wengine hawazisikii, au anakataa chakula akidai kimetiwa sumu. Magonjwa mengi ya akili huanza ujanani. Usisubiri avue nguo sokoni.

2. Mpeleke hospitali iliyo karibu. Si lazima uanzie Mirembe, Dodoma, au Mathari, Nairobi. Ulizia kliniki ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Malaria kali, maambukizi na sukari iliyoshuka pia huvuruga akili, kwa hiyo apimwe kwanza.

3. Jua madhara ya dawa. Baadhi ya dawa, kama haloperidol, zinaweza kumkakamaza shingo, kumpandisha macho juu na kuufanya ulimi wake uwe mzito. Majirani watasema ni pepo. Ni dawa, na ipo nyingine ya kuliondoa tatizo hilo. Mrudishe hospitali siku hiyohiyo na kadi yake ya kliniki mkononi.

4. Gawaneni mzigo. Mara nyingi mama ndiye anayefunga genge lake na binti ndiye anayekosa shule ili kumlinda mgonjwa, huku kaka walioko mjini wakituma pole kwa simu. Changeni nauli na dawa kama mnavyochanga harusi, kwa daftari na tarehe.

5. Anayesema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo. Linampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, toa ndani sumu ya shambani na akiba ya vidonge, kisha mfikishe hospitali. Zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Usimtishie polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Tanzania bado sheria inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na sheria hiyo inawafanya watu wanyamaze hadi wafe.

6. Mrudishie nafasi yake. Ale sinia moja nanyi, apewe kazi anayoiweza, na ujira wake alipwe yeye mwenyewe.

Kikao cha ukoo kinachofuata kianze na mgonjwa wenu, naye awepo na aulizwe anataka nini. Andikeni nani anampeleka kliniki, nani analipia dawa, nani anakaa naye mama akiwa kazini. Asiyekubali jina lake liandikwe asijitokeze msibani kueleza alivyompenda.