Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Mkulima akitazama ghala lake baada ya mavuno, hufurahi moyoni, wala hatumlaumu. Mahindi yakiwamo, nyumba yake haitalala njaa. Lakini leo twataka kuwaomba wazazi, wa shamba na wa mjini, watazame pia mtoto aliyesimama kando ya ghala hilo.

Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Hesabu hiyo yasikitisha. Lakini la kustaajabisha zaidi ni kwamba mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa. Iringa waliodumaa walikuwa zaidi ya nusu; Njombe na Rukwa walikuwa nusu hivi. Na nani asiyejua ya kuwa mikoa hiyo ndiyo inayolisha miji yetu?

Yawezekanaje basi mtoto kudumaa penye chakula tele? Sababu si moja. Kuhara na maji machafu vina sehemu yao, na hali ya mama mjamzito vilevile. Lakini ipo sababu iliyo mikononi mwetu, nayo ni namna tunavyowalisha watoto. Hapo yafaa tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kushiba siyo kulishwa vema. Ugali hutia nguvu, lakini peke yake haujengi mwili. Tena mahindi yakikobolewa hata unga ukawa mweupe kabisa, huondoka pia sehemu kubwa ya vitamini na madini. Afadhali dona. Na kando ya ugali pawe na maharage au dagaa, mboga za majani, na tunda.

Pili, tumbo la mtoto ni dogo. Maziwa ya mama peke yake yatosha mpaka miezi sita. Baada ya hapo hana budi kuongezewa chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Uji mwepesi humjaza maji tu. Uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa, maziwa au yai, naye alishwe mara kadhaa kwa siku. Wakati wa kulima, mama hutoka alfajiri na kurudi jioni, na mdogo huachiwa dada yake pamoja na kikombe cha uji uliopoa. Mama huyo si mzembe, amechoka. Yampasa mumewe kumpunguzia kazi.

Tatu, tusiuze kila kitu. Nyanya za Ilula na parachichi za Njombe husafiri mbali, na mayai hupelekwa sokoni yote. Twajua ya kuwa ada na mbolea hudai fedha. Lakini baba anayeuza hata yai la mwisho, kisha akashangaa mwanawe hashiki masomo, na ajiulize vema. Udumavu huzuia akili kukua pamoja na mwili, na hasara hiyo ni vigumu sana kuirekebisha baada ya miaka miwili ya kwanza.

Mzazi wa mjini asidhani ya kuwa somo hili halimhusu. Kwake kabati ndilo ghala. Mtoto wake hupelekwa shule kwa gari, hurudi kwa gari, kisha huketi mbele ya televisheni au simu, mkononi ana chipsi na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 yaweza kuwa na gramu zaidi ya 30 za sukari. Huyu naye ameshiba, lakini hakulishwa vema. Unene wake siyo dalili ya afya.

Tena mwili haujengwi kwa chakula tu. Shirika la Afya Duniani lashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 kila siku za mwendo wa kuharakisha moyo. Hilo halitaki fedha. Waacheni waruke kamba, wacheze rede, kombolela na mpira; wateke maji na kufagia uanja. Wazazi nao watembee pamoja nao, kwa maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi jioni ya leo, kabla ya kuhesabu magunia, baba na aketi pamoja na watoto wake atazame kilichomo sahanini. Kama ni ugali mtupu, kesho lisiuzwe yai moja. Hasara ya sokoni yaweza kufidiwa na mavuno ya mwaka ujao, lakini miaka miwili ya kwanza ya mtoto hailimwi mara ya pili.