Kufunga Mikono Harusini Uskoti: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mila ya kuwafunga maharusi mikono kwa kamba au utepe imerudi kwa kishindo katika harusi za Uskoti, na wengi wanaitaka kwa ajili ya picha tu. Mkiitaka, itendeeni haki.

Msiwasimulie wageni ule uzushi wa mwaka na siku moja. Hudaiwa kwamba watu wa kale walifungwa mikono, wakaishi pamoja mwaka mmoja na siku moja, kisha asiyeridhika akaenda zake. Walter Scott aliieneza hadithi hiyo katika riwaya yake *The Monastery* ya 1820. Mwanasheria A. E. Anton aliichunguza mwaka 1958 akaikataa. Kilichokuwepo kilikuwa kizito zaidi. Kupeana mikono kulikuwa kuposana, na kwa sheria ya Uskoti mwanamume na mwanamke waliotamkiana kwamba tangu sasa ni mume na mke walikuwa wameoana kweli, hata pasipo kasisi wala shahidi. Sheria hiyo ilidumu hadi 1940. Watu hao walijifunga kwa maisha yao yote. Ni dhuluma kuwafanya wazee wa ndoa za majaribio.

Tamkeni nadhiri zenu kwa vinywa vyenu, kabla ya fundo kukazwa. Nguvu ya ndoa zile ilikuwa katika kauli. Mfungishaji asiwasemee huku nyinyi mkitikisa vichwa.

Someni mapema kila neno litakalosemwa. Kwa wapagani wa leo, tendo hili ni ibada, na huenda miungu ikaitwa. Mkristo au Mwislamu asilijue hilo akiwa tayari amefungwa mkono mbele ya wazazi wake. Wala msiifanyie mzaha ibada ya wenyewe.

Fanyeni mazoezi na kamba ileile. Utepe wa satini huteleza. Pamba au sufu hushika. Pete zivishwe kwanza, mikono ikiwa huru.

Msilikate fundo kwa mkasi. Chomoeni mikono polepole, lihifadhiwe zima.

Msidhani kamba inaozesha. Uskoti, fomu za taarifa ya ndoa lazima zimfikie msajili angalau siku 29 kabla, mfungishaji awe ameidhinishwa, na mashahidi wawe wawili, wa miaka 16 au zaidi. England na Wales, sherehe ya mshereheshaji binafsi haina nguvu ya kisheria. Lazima ndoa isajiliwe kando. Anayesafiri kutoka Kenya au Tanzania kwenda kuoana huko na kurudi aombe viza maalumu ya kufunga ndoa, kwa maana ile ya matembezi haitoshi.

Na kabla ya kwenda fungate, hakikisheni hati ya ndoa iliyotiwa saini imerudishwa kwa msajili. Uskoti, muda uliowekwa ni siku 3.