Ukifanya kazi Uganda, usiache akiba yako huko

Wanamemba wapenzi wa Masisi na Walikale, wengi wetu tunavuka kwenda Uganda kutafuta kazi ya muda. Huko patroni anapashwa kukata 5% kwa mshahara wako na kuongeza 10% yake, zote ziingie mfuko wa NSSF. Kwa mshahara wa shilingi 200 000, iko 30 000 kila mwezi. Kwa mwaka, 360 000. Ni akiba ya uzee wako, si ya patroni.

Tufanye hivi:

1. Tuombe namba ya NSSF mapema, jina liandikwe sawa na kwenye kitambulisho.
2. Tuchunge karatasi za mshahara.
3. Mgeni anayehama Uganda kabisa anaweza kuomba akiba yake bila kungoja miaka 55. Tupite ofisi ya NSSF mbele ya kurudi.

Tukizeeka, jembe linakuwa zito.