Mzigo Usiotuliwa

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wa Tabora yatupasa kuielewa methali hii kuliko watu wengine, kwa kuwa mji wetu ulikuzwa na mizigo. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji. Na aliyeibeba biashara hiyo begani alikuwa mpagazi Mnyamwezi. Jioni mpagazi alifika kituoni, akautua mzigo wake, akapumzika. Leo twataka kusema juu ya mzigo usioweza kutuliwa jioni, yaani sumu iliyomwingia mtu mwilini alipokuwa akitimiza kazi yake.

Tuanze na askari. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo walikuwamo vijana wa Tanganyika, ilipigana katika Bonde la Kabaw huko Burma, mahali palipojaa malaria. Kila siku askari walimezeshwa kidonge cha mepakrini. Kidonge hicho kiliwaokoa wengi. Lakini kiligeuza ngozi kuwa ya manjano, na kwa watu wachache kilivuruga akili. Hatusemi kwamba ilikuwa kosa kuwapa, maana malaria ingaliwaua. Twasema kwamba kiokoacho chaweza pia kudhuru, na mwenye kukitumia ana haki ya kuambiwa na kuangaliwa. Mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo kali juu ya meflokwini, dawa nyingine ya malaria waliyopewa askari, kwamba kizunguzungu chake chaweza kudumu hata baada ya mtu kuiacha.

Huko Vietnam, kati ya 1962 na 1971, majeshi ya Marekani yalimwaga kutoka angani dawa za kukausha majani ya msitu. Ndani yake mlikuwa na sumu iitwayo dayoksini. Askari walirudi makwao wakiwa wazima kwa macho. Baada ya miaka wengine wakapatwa na saratani na kisukari. Sheria ya kuwatambua ilipatikana mwaka 1991, miaka 20 baada ya dawa hizo kuachwa. Wananchi wa Vietnam walioishi chini ya msitu huo nao waliumia.

Mwaka huo huo wa 1991, katika vita vya Ghuba, maghala ya silaha yalilipuliwa nchini Iraki, na gesi ya sarini ikatoka. Maelfu ya askari wa vita hiyo walibaki na uchovu, maumivu na usahaulifu, na kwa miaka mingi baadhi yao waliambiwa kwamba ni mawazo yao tu. Sarini hufanyaje kazi? Mishipa ya fahamu huamrisha misuli kwa kemikali maalumu, na mwili unacho kimeng'enya cha kuifuta amri ikiisha kutimizwa. Sumu hiyo hukizuia kimeng'enya, amri haikomi, mtu hutoka jasho na mate, hutetemeka, hushindwa kupumua.

Hapa ndipo habari inapofika mlangoni petu. Sarini ni ya jamii ya oganofosfati, na katika jamii hiyo hiyo, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi, zimo baadhi ya dawa za kuulia wadudu mashambani. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge anayenyunyiza dawa kama hiyo bila kinga hubeba mzigo wa ndugu na ule wa askari. Tena tumbaku yenyewe ina nikotini: majani mabichi yenye umande yakigusa ngozi, mchumaji hupatwa na kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusome maandishi ya dawa kabla ya kufungua kopo. Tuvae glovu na nguo ndefu. Tuoge kabla ya kumbeba mtoto. Wala kopo tupu lisichotewe maji kamwe. Pili, mgonjwa aende hospitali na kumweleza daktari kazi alizozifanya na dawa alizozishika au kuzimeza, maana daktari hawezi kukisia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tatu, jamaa wa mgonjwa wasikimbilie kusema amerogwa, au ni mlevi, au ni mvivu. Asiyelala usiku, aliyepoteza kumbukumbu, mwenye huzuni isiyo na sababu, huenda ana mwili ulioumizwa.

Tunao kati yetu wazee waliokwenda vita vya Kagera ya 1978 na 1979. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Ni jambo jema. Lakini shada la maua haliulizi mtu amelalaje. Jumuiya ndogo ndogo za parokia zetu zaweza kuuliza. Msamaria wa Injili hakuishia kumhurumia aliyejeruhiwa njiani: alimfunga jeraha, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa gharama, akaahidi kurudi. Majeraha tuliyoyasema hayatoki damu, na kwa hiyo ni rahisi kuyapita kando. Tusiyapite.