Mtajeni kwa Jina: Kumkumbuka Kijana Aliyeugua Akili



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya mume na mke: mahari, pesa, wakwe, ulevi. Leo tutazame jambo ambalo huvunja nyumba polepole, bila kelele. Ni kifo cha kijana mpendwa aliyekuwa mgonjwa wa akili.

Mtoto akifa kwa malaria, majirani huuliza habari zake na mama husimulia. Akifa kijana aliyeugua akili, mambo huwa mengine. Matanga huwa mafupi. Watu hunong'ona. Picha yake huondolewa ukutani na nguo zake huchomwa. Baada ya mwaka mmoja, mgeni akiuliza, "Mna watoto wangapi?" baba hujibu, "Watatu." Na mama, aliyezaa wanne, huinama na kuendelea kumimina chai.

Fundisho letu la leo ni fupi. Mtajeni kwa jina. Mtajeni mkiwa pamoja, mume na mke. Tena mtajeni mzima, yaani ugonjwa wake na mema yake. Wazazi wasiofanya hivyo humzika mtoto mara mbili, na mara nyingi huizika na ndoa yao.

NYUMBA MOJA YA KUJIFUNZIA

Wakati mwingine ni rahisi kujifunza kwa nyumba ya mbali, kwa sababu huko hatuna jamaa wa kumwonea haya. Tutazame nyumba ya Theo na Johanna van Gogh, watu wa Uholanzi walioishi Paris.

Theo alikuwa na kaka yake, Vincent, aliyezaliwa mwaka 1853. Leo dunia nzima inamjua Vincent kuwa mchoraji mkubwa. Wakati wake hakujulikana hivyo. Alijaribu kazi nyingi, hata kuwahubiria wachimba makaa ya mawe huko Ubelgiji, na zote zikamshinda. Alianza uchoraji akiwa na miaka 27, na tangu hapo Theo ndiye aliyemtumia pesa za chakula na rangi. Mwezi wa Desemba 1888 akili yake ilivurugika, akajikata sikio. Mwaka 1889 aliingia kwa hiari yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, akakaa mwaka mmoja. Siku alizopata nafuu alichora, na picha alizochora mwaka huo ni karibu 150.

Theo na Johanna walioana Aprili 1889, wakati ule ule wa ugonjwa. Bibi harusi angeweza kusema, "Chagua, mimi au kaka yako mwendawazimu." Hakusema. Januari 1890 walipata mtoto wa kiume wakampa jina la Vincent. Theo alimwandikia kaka yake kwamba anamtakia mtoto awe na bidii na ushujaa kama wa mjomba wa jina lake, au tuseme kwa desturi zetu, kama wa baba yake mkubwa. Fikirini jambo hilo. Mtoto alipewa jina la mtu aliyekuwa hospitalini kwa ugonjwa wa akili, na wazazi wakaona ni heshima. Vincent naye akamchorea mtoto picha ya matawi ya mlozi yaliyochanua maua.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo Vincent alijijeruhi akitaka kufa. Theo alifika, akakaa naye mpaka alipokata roho tarehe 29. Alikuwa na miaka 37. Paroko wa kijiji kile alikataa kutoa gari la maiti la parokia kwa sababu ya namna alivyokufa, likaazimwa gari la kijiji jirani. Miezi 6 baadaye Theo naye aliugua akafa.

Johanna alibaki mjane wa miaka 28, na mtoto asiyetimiza mwaka. Alikuwa amekutana na shemeji yake kwa siku chache tu. Angeweza kuzitupa zile picha, nyingi zilikuwa hazina mnunuzi. Badala yake alifungua nyumba ya kulaza wageni apate riziki, akatunza picha, akazisoma na kuzipanga barua alizoziandika Vincent kwa Theo, zaidi ya 650. Mwaka 1914 alizitoa kitabuni. Mwaka huo huo aliuhamisha mwili wa mumewe ukazikwa kando ya kaka yake. Hakuuficha ugonjwa, maana barua zenyewe zinausema. Lakini hakukubali ugonjwa uwe ndio habari yote ya mtu yule.

Sasa sisi tufanye nini katika nyumba zetu?

1. MSILAUMIANE

Maneno yanayoua ndoa baada ya msiba wa namna hii tunayajua. "Ugonjwa huu ni wa ukoo wenu." "Wewe ndiye uliyemdekeza." "Wewe ulimchapa mno." "Ulikataa tusimpeleke kwa mganga."

Jueni kwamba hata madaktari waliwahi kukosea hapa. Mwaka 1948 daktari mmoja maarufu huko Marekani aliandika kuwa skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo kweli, huweza kuletwa na malezi ya mama. Kwa miaka mingi akina mama walibebeshwa mzigo huo, hadi madaktari walipoyaacha mawazo hayo. Leo inafahamika kwamba ugonjwa huu hutokana na mambo mengi yanayokutana: urithi wa damu, ubongo wenyewe, mashaka ya maisha, na kwa vijana wengine bangi huongeza hatari. Kwa wavulana huanza mara nyingi kati ya mwisho wa ujana na miaka 25 hivi, wakati ule ule mzazi anapotazamia kijana amalize masomo na kuanza kazi. Ndiyo maana uchungu wake ni mkali. Lakini urithi wa damu si kosa la mtu. Hakuna mama aliyechagua damu atakayompa mwanawe, wala baba.

2. SEMENI UKWELI JUU YA UGONJWA

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Msiwaambie watoto kwamba kaka yao alilogwa ikiwa mnajua alikuwa mgonjwa, wala msiwaambie alikwenda safari. Watoto husikia yote shuleni. Wakisikia nje kabla ya kusikia nyumbani, watajifunza kwamba kwenu jambo zito halizungumzwi. Siku mmoja wao atakapoanza kukosa usingizi na kusikia sauti, hatawaambia.

Waambieni kwa maneno mepesi: "Kaka yenu alikuwa na ugonjwa wa akili. Alitibiwa. Alipigana nao. Tulimpenda, na yeye alitupenda."

3. MKUMBUKENI MZIMA

Kuna makosa mawili hapa. La kwanza ni kukumbuka ugonjwa peke yake: usiku ule aliovunja madirisha, siku ile alipotembea uchi sokoni. La pili ni kumfanya malaika ambaye hakuwahi kumsumbua mtu. Mke aliyeamka usiku wa manane kumtafuta barabarani anajua haikuwa hivyo, na akisikia mumewe akisema hivyo hujiona yuko peke yake na uchungu wake.

Fanyeni hivi. Chagueni jioni moja, redio ikiwa imezimwa na watoto wamelala. Kila mmoja aseme jambo moja alilolipenda kwa mwana wenu. Labda ni jinsi alivyotengeneza taa ya jirani bila kudai malipo, au wimbo aliokuwa akiuimba akikama ng'ombe. Kisha kila mmoja aseme jambo moja lililomuumiza. Mwenzake asimkatize, wala asimsahihishe. Mume akinyamaza, mama usidhani hana uchungu. Wanaume wengi hulilia shambani. Mke akilia kila siku, baba usimwambie "inatosha sasa". Kila mtu huomboleza kwa hatua zake.

Rudisheni picha ukutani. Na mgeni akiuliza idadi ya watoto, jibuni: "Wanne. Mmoja ametangulia."

4. JUU YA ROHO YAKE

Wazazi ambao kijana wao alijiua wana swali wasilothubutu kuliuliza kanisani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa kusudi, na wazee wetu wengi walilelewa chini ya sheria ile. Sheria ya mwaka 1983 haikuliweka katazo hilo. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba ugonjwa mzito wa akili na uchungu mkubwa huweza kupunguza lawama ya mtu, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na kwamba Kanisa humwombea. Kwa hiyo mwombeeni Misa siku aliyofariki, na mwandikeni katika orodha ya marehemu mwezi wa Novemba, kwa jina lake kamili.

Hata sheria ya nchi imesogea. Kifungu cha 226 cha sheria zetu za jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Mgonjwa ni wa kupelekwa hospitali, si kituo cha polisi.

5. WATUNZENI WALIO HAI

Kumkumbuka aliyekufa kunatupa macho ya kuwaona walio hai. Kijana akijitenga, akiacha kulala, akigawa vitu vyake, au akisema yeye ni mzigo, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema. Msimwache peke yake. Fungieni kwa kufuli dawa za kunyunyizia mimea. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali, na akipewa vidonge au sindano asiache bila kumwona daktari, hata akijiona amepona. Kuombewa ni kwema, na dawa ni njema. Kimoja hakikatazi kingine.

MASWALI YA KUJADILI, mume na mke au katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika ukoo wetu kuna mtu ambaye jina lake halitajwi? Nani alianza kulinyamazia, na kwa nini?

2. Ni jambo gani jema alilolifanya ambalo watoto wetu hawajawahi kusimuliwa?

3. Familia ya jirani ikifiwa na kijana wa namna hii, jumuiya yetu hukaa matangani siku ngapi? Tofauti na misiba mingine ni nini?

Mungu awafariji wote wanaosoma ukurasa huu wakiwa na jina moja moyoni. Usiku wa leo, kabla ya kulala, litajeni.