Kuuandaa Mwili wa Mbwa wa Mashindano: Mwongozo kwa Waongozaji

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa mbwa wa kazi, awe wa kampuni ya ulinzi, wa kikosi cha polisi au wa klabu, kisha akatakiwa kumpeleka uwanjani kushindana. Haufundishi utii wala kunusa. Hayo yana walimu wake. Unahusu mwili wa mbwa, na sababu ya mwongozaji kuwa ndiye anayepaswa kusema basi.

Mbwa wa kazi, hasa Malinois na Mchungaji wa Kijerumani, amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu hakati tamaa. Mrushie mpira mara hamsini naye ataufuata mara hamsini, hata kama mara ya mwisho anachechemea. Mwanariadha akiumwa goti humwambia kocha wake. Mbwa hasemi, na penye mpira hata maumivu huyasahau. Kwa hiyo mpango wowote wa mazoezi unaongoja mbwa mwenyewe aonyeshe kuchoka umekosea tangu siku ya kwanza.

Wajerumani wana mtihani unaolieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi. Katika nchi hiyo, ambako Max von Stephanitz na wenzake walianzisha chama cha wafugaji wa Mchungaji wa Kijerumani mwaka 1899, mbwa hupimwa ustahimilivu kwa kukimbia kilomita 20 pembeni ya baiskeli, kwa kasi ya kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Baada ya kilomita 8 hupumzika dakika 15. Baada ya nyingine 7 hupumzika dakika 20. Kila mara mwamuzi hutazama nyayo na dalili za uchovu. Mwishoni, baada ya kupumzika tena, mbwa hutakiwa kuonyesha kwamba bado anasikia amri. Hakuna alama wala wa kwanza: amefaulu au hakufaulu.

Kasi hiyo ni mchakamchaka tu. Mchungaji mzima anaweza kwenda mbio kuliko hapo. Kinachopimwa ni namna mwili unavyorudi katika hali yake baada ya kazi, na hicho ndicho mwongozaji anapaswa kukijenga, hata kama shindano lake ni la kuruka vizuizi kwa sekunde chache.

Anza kwa daktari wa mifugo, kisha umri. Mifupa ya mbwa mkubwa huendelea kukua hadi mwaka na zaidi, na kumrusha juu ya vizuizi kabla haijakomaa kunaweza kumwachia kilema cha maisha. Mashindano ya kimataifa ya kuruka vizuizi hayampokei mbwa aliye chini ya miezi 18, na mtihani wa kilomita 20 haumpokei aliye chini ya miezi 16. Uzito nao usiupuuze: mbavu zipapasike kwa vidole bila kukandamiza. Mbwa mnene apunguzwe kwanza ndipo aanze kukimbia.

Moyo na misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huhitaji miezi. Hapo ndipo waongozaji wengi hukosea: wiki ya sita mbwa anapaa, kila mtu anafurahi, mazoezi yanaongezwa maradufu, na kano ambayo bado haijawa tayari inachanika. Ongeza umbali kwanza, kasi baadaye, kuruka mwisho. Usiongeze viwili kwa wiki moja. Siku mbili au zaidi kwa wiki ziwe za matembezi ya kawaida. Ardhi iwe ya udongo au nyasi, kwa kuwa lami huchubua nyayo na kuumiza viungo. (Wapo wanaomfunga mbwa nyuma ya pikipiki, au kumvutisha tairi akiwa na miezi minane, kisha wakapiga picha. Huo si ukufunzi.)

Jambo la joto litazamwe kwa makini zaidi. Mbwa hatoi jasho la kumsaidia; hupoa kwa kuhema, maji yakikauka ulimini na katika njia za hewa. Hewa yenye unyevu mwingi, kama ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, huuzuia ukaukaji huo, hivyo asubuhi ya Pwani inaweza kuwa hatari kuliko mchana wa Nairobi. Mbwa anayeshuka kutoka bara kuja kushindana Pwani apewe wiki mbili au zaidi za kuzoea. Mazoezi yafanyike kabla jua halijachomoza.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Baada ya kazi kali mbwa mwenye afya anaweza kufika 41 asidhurike, mradi lishuke upesi. Kinachotisha ni joto lisiloshuka, na mbwa anayepepesuka, anayetapika au asiyeitika jina lake. Huyo amwagiwe maji ya baridi mwili mzima, apepewe, ndipo apelekwe kwa daktari. Kumkimbiza garini kabla ya kumpoza ni kupoteza dakika zinazomwokoa. Siku za kawaida, andika daftarini muda anaochukua kutulia baada ya mzunguko uleule. Akiwa hutulia kwa dakika kumi, kisha leo zikawa ishirini, punguza kazi, na mkague kupe. Homa zinazoletwa na kupe huanza taratibu, na mara nyingi mwongozaji hudhani mbwa amekuwa mvivu.

Usimlishe shibe kabla ya kazi: tumbo la mbwa mwenye kifua kirefu linaweza kujaa gesi na kujipinda, na asipofanyiwa upasuaji upesi hufa. Maji apewe kidogo kidogo. Dawa za maumivu za binadamu, paracetamol na ibuprofen zikiwemo, ni sumu kwake. Hata dawa iliyoandikwa na daktari isitumiwe kumpeleka mbwa mgonjwa uwanjani.

Katika mbio za Iditarod za Alaska, zinazofanyika tangu 1973 kwa umbali wa kilomita zipatazo 1,600 hadi Nome, kila kundi la mbwa wanaovuta sleji hulazimika kupumzika saa 24 mfululizo mara moja na saa 8 mara mbili. Mbwa aliyechoka huachwa kituoni mikononi mwa madaktari, na kundi linaruhusiwa kumaliza likiwa na mbwa watano tu. Mbwa wamekufa katika mbio hizo, na wanaozipinga wana hoja nzito. Lakini desturi ya kumwacha mbwa njiani bila kuonekana umeshindwa inafaa kuigwa.

Kwa hiyo mwajiri na mwongozaji wakubaliane kwa maandishi, kabla ada ya kushiriki haijalipwa, kwamba mwongozaji anaweza kumtoa mbwa wakati wowote, hata mgeni rasmi akiwa ameshaketi, bila kukatwa mshahara wala posho. Mbwa aliyetolewa asirudi mazoezini mpaka daktari amwone, na siku ya kwanza atembezwe kwa kamba tu.