Kujitolea, Kutolewa na Kupandikiza: Lugha ya Kuwashukuru na Kuwahimiza Watoaji Ogani Kimulot

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaotumika kuhimiza utoaji wa ogani, kwa kuitazama Kimulot, wadi ya wakulima wa chai katika eneo bunge la Konoin, Kaunti ya Bomet. Wenyeji wengi wa huko huzungumza Kipsigis nyumbani. Kiswahili hushika nafasi pale wanapokutana na wachumaji wa majani chai waliotoka kwingine, na pale serikali inapozungumza na raia. Hoja inayotetewa ni kwamba shukrani huhitaji mtenda: sentensi inayomficha mtoaji humnyima shukrani, na mahali pake huingia hofu.

Kitenzi kinachotumika zaidi ni kutoa. Maana zake mbili hukaribiana mno: kukabidhi kitu kwa hiari, na kukiondoa kitu mahali kilipo. "Mama alitoa figo" haina tatizo kubwa. Tatizo huja katika kauli ya kutendwa. "Mama alitolewa figo" yaweza kumaanisha kwamba aliombwa akaridhia; yaweza kumaanisha kwamba aliibiwa akiwa usingizini; na kwa kuwa kutoa na kutolea huwa na umbo moja katika kutendwa, yaani -tolewa, huenda mama huyo ndiye aliyepokea. Mwizi, mkarimu na mgonjwa wamewekwa katika neno moja. Utata huu si wa darasani tu. Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret, kufuatia madai ya biashara ya figo. Katika mazingira kama hayo, anayesikia kwamba fulani "ametolewa figo" ana haki ya kushtuka.

Maneno mengine nayo yana mizigo yake. Mfadhili ameshakuwa mtu au nchi yenye fedha. Mchangiaji hukumbusha harambee, ambako jina husomwa pamoja na kiasi, na aliyechangiwa leo hutarajiwa kuchanga kesho. Lakini aliyetoa konea baada ya kufa hatarajii kurudishiwa. Neno lifaalo zaidi limekuwapo siku zote: kujitolea. Mazoea yamelichakaza hata likabaki kumaanisha kufanya kazi bila malipo. Kwa mtoaji wa ogani, kiambishi -ji- hurudishiwa uzito wake, kwa kuwa mtoaji na kitolewacho ni mwili mmoja, na hiari imo ndani ya kitenzi chenyewe. "Alijitolea figo yake" haiwezi kusomwa kama wizi.

Kwa upande wa tiba, Kimulot ina bahati, kwani kupandikiza ni neno la shamba kabla ya kuwa neno la hospitali. Mkulima wa huko hukata kipandikizi kutoka kwa mti mzazi: kijiti kifupi chenye jani moja na chipukizi lake. Hukichomeka katika kifuko cha nailoni kilichojaa udongo, hukitunza kivulini kwa miezi kadhaa, kisha huuhamishia mche shambani. Kloni kama TRFK 31/8, iliyotoka katika utafiti wa chai wa Kericho, ilienea kwa njia hii. Mti mzazi haufi. Vivyo hivyo, Ronald Herrick, aliyempa pacha wake Richard figo mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, katika upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, aliishi miaka mingine 56. Jambo hili lina umuhimu nchini Kenya, ambako figo nyingi zinazopandikizwa hutoka kwa jamaa walio hai.

Sitiari hiyo, hata hivyo, ina mipaka, na mhamasishaji mwaminifu huitaja. Mpokeaji wa figo kwa kawaida hunywa dawa maisha yake yote ili mwili usiikatae. Mche haudai hivyo. Tena mti mzazi hauulizwi. Binadamu huulizwa.

Ugumu huzidi linapokuja suala la macho. "Kutoa macho" katika Kiswahili ni kukodoa, na anayeambiwa "toa macho yako" atacheka au atakimbia. Kinachopandikizwa si jicho zima bali konea, utando angavu wa mbele wenye unene wa takribani nusu milimita. Upandikizaji wake ni wa kale kuliko wa figo: Eduard Zirm aliufanikisha mwaka 1905. Bango likisema "wosia konea zako", picha ya jicho lililong'olewa hutoweka.

Neno wosia hapa si pambo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humruhusu mtu wa miaka 18 au zaidi, mwenye uwezo wa kuandika wosia, kutoa mwili wake au sehemu yake itumike baada ya kifo chake. Anaweza kufanya hivyo katika wosia, katika hati iliyotiwa sahihi naye pamoja na mashahidi wasiopungua wawili, au kwa tamko la mdomo mbele ya mashahidi wawili. Kwa jamii inayoheshimu kauli ya mzee mbele ya watu, njia hii ya tatu ni mlango ulio wazi, ingawa mabango mengi huzungumzia fomu tu. Sentensi fupi yatosha: "Nikifa, konea zangu apewe asiyeona, nyinyi wawili ni mashahidi." Mtenda anajulikana, hiari inasikika.

Mashahidi hao ni vyema wawe wa nyumbani, kwani konea huchukuliwa saa chache tu baada ya kifo, wakati waombolezaji ndio kwanza wanafika. Marehemu akiwa hakuacha kauli yoyote, uamuzi huwaangukia mwenzi wake, watoto au wazazi. Ndio pia watakaopokea shukrani kwa niaba yake. Wakipsigis husema "kongoi", Waswahili husema "ahsante". Wanaopewa neno hilo huwa na la kujibu ikiwa waliwahi kumsikia marehemu akisema.